Bima walinirudishia gari linang'aa, kumbe mama mkwe alikuwa anashikilia mlango kwa mkono

Wakuu, poleni na mihangaiko. Wakubwa wangu wote mlio humu, shikamooni.

Hili limenitokea mimi mwenyewe, hapa hapa Singida. Mke wangu amekaa pembeni anasoma ninavyoandika, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi. Ameshanifutisha sentensi moja tayari.

Nina gari dogo la familia, la kawaida tu. Nauza vifaa vya umeme mjini, na gari ndiyo miguu yangu. Bima nimekata ile kubwa, inayotengeneza hata gari lako mwenyewe, kwa sababu mke wangu ni mwoga na mimi ni mbishi, tukabishana, akashinda yeye.

Siku moja natoka upande wa Itigi, nikasimama Mkiwa kunywa chai. Gari nimelipaki vizuri kabisa, nje ya barabara.

Lori la vitunguu likarudi nyuma, likaingia kwenye mlango wangu wa nyuma wa kushoto. Nimeshika kikombe, naangalia.

Hakuna aliyeumia. Dereva wa lori alikuwa mstaarabu, trafiki akaja, mambo yakaandikwa. Nikafungua claim kwenye kampuni yangu ya bima.

Niwatendee haki, mwanzoni hawakunisumbua. Mkaguzi wao akaja akapiga picha, gari likapelekwa gereji waliyoichagua wenyewe. Mimi nikawa naenda dukani kwa bodaboda nasubiri simu.

Gari likarudi zuri, na gereji wakasema mlango ni mpya. Rangi imekaa, mlango ukiufunga unaitika. Nikalizungusha kwenye lami ya mjini, nikarudi, nikasaini kwamba nimeridhika. Nilikuwa na haraka, na haraka yenyewe ilikuwa na sababu.

Sasa hapa ndipo anapoingia mama mkwe wangu.

Anaishi Kinampanda. Jicho lake moja lilishazima miaka mingi. Hilo lililobaki likapata mtoto wa jicho, na hospitali hapa mjini walishampangia upasuaji. Yaani wakuu, likiharibika hilo, ndiyo basi. Kazi ya kumleta na kumrudisha ilikuwa yangu, na niliipenda, kwa sababu huyu mama alinipa binti yake wakati sina hata kitanda.

Kwa wasiojua: wanawake wa rika lake kule kwao hawamzoei mkwe wa kiume. Mkwe hamtazami usoni, hakai naye jirani, hampigishi stori. Siyo chuki, ni heshima. Kwenye gari langu yeye anakaa nyuma kushoto, mbali kabisa na dereva, ili hata kwenye kioo tusikutane macho. Mbele anakaa mke wangu.

Mnaanza kuona tunakoelekea.

Upasuaji ukaenda vizuri. Daktari akasisitiza: vumbi lisimguse, upepo asiupate, dawa ya matone asikose. Tukamwomba abaki kwetu mjini mpaka apone. Akakataa, ana kuku wake. Na mtu wa Singida mwenye kuku humshawishi kulala kwa watu.

Basi nikawa namfuata Kinampanda, namleta kliniki, namrudisha. Ukiacha lami kule ni vumbi tupu, lakini mimi nafunga vioo vyote, naendesha taratibu kama nimebeba mayai. Kuna kamlio nilikuwa nakasikia nyuma, kama mtu anapiga mluzi kwa mbali. Nikajua ni upepo, nikaongeza redio.

Jicho likawa halitulii. Kila akija kliniki ni jekundu, linatoa machozi. Daktari akamuuliza, "Mama, vumbi unalipata wapi?"

Akajibu, "Ni upepo tu, baba."

Singida hii ukisema upepo, nani atakubishia? Tukaondoka na dawa nyingine.

Mke wangu akaanza kulia usiku, akidhani simsikii. Na mimi nikawa nafika dukani, mteja anataka holda ya taa, nampa swichi.

Jumapili moja tukaenda Unyambwa kumpa mtu hongera ya uzazi. Mke wangu alikuwa amepata leseni karibuni, akataka aendeshe yeye. Mbele akakaa shangazi yangu, maana ni mtu mzima. Mimi nikaingia nyuma, nikaangukia kushoto.

Tulipoacha lami tu, mlango ukaanza kucheza. Gari likiingia kwenye shimo, mlango unaachia kidogo, mwanga unaonekana pembeni, na vumbi linaingia moja kwa moja usoni. Yule mpiga mluzi wangu nikampata.

Nikapeleka mkono kwenye kishikio niuvute. Vidole vikakuta kitambaa.

Ilikuwa kipande cha kanga, kimechanwa kwenye pindo, kimefungwa kwenye kishikio kwa fundo la nguvu. Kimetengenezwa kitanzi, mkono unaingia humo ili usichoke kuvuta. Kimechakaa kwa kushikwa.

Kanga yenyewe naijua. Nilimnunulia mama mkwe mimi mwenyewe.

Nikamwambia mke wangu asimame. Akadhani anaendesha vibaya, akaanza kujitetea. Nikamwonyesha kitambaa, akaitambua kanga ya mama yake. Shangazi naye akageuka, akakitazama, akasema, "Maskini, mkwe wa watu."

Wakuu, nilishuka nikasimama pembeni ya barabara, nikalia. Mtu ana jicho moja duniani, nimemfungia vioo vyote, halafu nimemkalisha kwenye tundu la vumbi. Mkono mmoja ameshika mlango, mwingine ameshika kanga usoni, na akishuka ananiambia, "Asante baba, Mungu akuzidishie."

Jioni ile ile nikaenda Kinampanda kwa gari la rafiki, nikamwambia mke wangu safari hii mama atake asitake, anakuja kwetu na kuku wake. Kuku wakaja pia, kwenye tenga.

Nilitaka kuongea naye. Sasa unaongeaje na mtu msiyetazamana? Akakaa chumbani, mlango wazi. Mimi nikakaa kibarazani. Mke wangu akasimama katikati kama mkalimani, ingawa wote tunasikiana.

Nikasema, "Mwambie mama, kwa nini hakusema?"

Mke wangu akageuka, "Mama, anauliza kwa nini hukusema."

Nikasikia sauti ikinitaja kwa jina la mwanangu, taratibu, "Mwambie Baba Neema, siku gari liliporudi alikuwa amefurahi sana. Akaniambia, mama, sasa utakaa vizuri. Ningeanzia wapi kumwambia mlango haufungi?"

"Mwambie mama, jicho ni lake."

"Mwambie najua. Lakini mtu anakubeba kwenda kutibiwa, na wewe umkosoe gari lake?"

Mke wangu safari hii hakutafsiri. Alikuwa ameshika fremu ya mlango, machozi yanamtoka, na mimi kule kibarazani hali ni hiyo hiyo.

Kesho yake nikaenda bima. Nilienda nimewaka, siwafichi. Kijana wa mapokezi akanikumbusha kwamba nilisaini kuridhika. Nikamwambia niliridhika mimi ninayekaa mbele, aliyekaa nyuma hakuulizwa. Nikaomba yule mkaguzi aliyepiga picha.

Mkaguzi ni mtu wa makamo, ana haraka zake. Akaukagua mlango, akaufungua, akaufunga, ukaitika. "Mbona uko sawa?"

Nikamwambia, "Kaka, sitaki tubishane. Naomba ukae anapokaa mama mkwe wangu, twende mpaka Unyambwa turudi. Ukisema uko sawa, naondoka na sirudi."

Akakubali, nadhani ili nimwondokee. Kitambaa sikukifungua. Nilikiacha pale pale.

Tulipoacha lami nikawa namwona kwenye kioo. Kwanza akakunja uso. Halafu akafunga mdomo. Halafu, bila kuambiwa na mtu, mkono wake ukaingia kwenye kile kitanzi, ukavuta.

Akakaa hivyo mpaka tunageuza. Koti lake jeusi lilikuwa limeshabadilika rangi.

"Huyu mama alisemaje?" akaniuliza.

"Hakusema. Ndiyo shida yenyewe."

Akasema na yeye ana mama mkwe, yuko mbali, na hajui huwa anakaa wapi akipanda gari lake.

Hapo mambo yakabadilika. Gari likarudishwa gereji, na mkaguzi mwenyewe akasimama pale wakati linafunguliwa. Mlango haukuwa mpya kama walivyodai. Ni ule ule wa kwangu, umenyooshwa kwa nyundo na kusilibwa puti ya kuzibia mabonyeo mpaka ukapendeza. Kitasa ni cha gari lingine. Nguzo ambayo mlango unafungia ilikuwa imeinama tangu Mkiwa, hawakuigusa kabisa. Kwenye lami unajishikilia, kwenye mashimo unaachia.

Mwenye gereji akaanza maelezo. Mkaguzi akamwambia akae kwanza kwenye kile kiti, ndipo aeleze. Hakukaa, na maelezo yakaisha.

Wakanyoosha nguzo, wakaweka mlango mwingine, kitasa kipya na raba mpya. Safari hii nilikuwa naenda kuangalia kila hatua, nikawa kero, na sijutii.

Jicho lilichukua muda. Ila lilitulia. Siku moja asubuhi alitoka uani, akasimama, akamwambia mke wangu kuwa yule jogoo wake mwekundu kumbe ana manyoya meusi mkiani. Mke wangu alinipigia simu dukani kwa ajili ya jogoo.

Ushauri wangu ni huu. Gari likitoka matengenezo ya bima, usilijaribu peke yako kwenye lami. Lipeleke kwenye vumbi na mashimo. Kaa kila kiti, hasa kile usichokaa wewe. Ndipo usaini. Na hata kama umeshasaini, rudi, usione aibu.

Siku ya kumrudisha Kinampanda, mke wangu alikaa mbele, mama nyuma kushoto, kuku miguuni. Kile kitambaa hakikuwepo tena. Lakini nilipoacha lami nikachungulia kwenye kioo, nikaona mkono wake umekwenda kwenye kishikio, umeshika. Nikakaza macho mbele.

Baada ya muda nikachungulia tena. Mkono uko mapajani, umefunguka. Kichwa kimeegemea kioo cha mlango ule ule. Amelala.

Tulipofika kwake sikumwamsha. Nilizima gari, tukakaa na mke wangu kimya. Jirani akaja kutulaki kwa sauti, nikamwonyesha ishara ya kidole, akarudi kwa kunyata.

Karibuni wakuu, yaliyowakuta na bima na gereji zao mwageni hapa. Na wewe mwenye mama mkwe asiyesema, kabla hujachangia, nenda kwanza ukakae kwenye kiti chake.