Nimekalia Kitabu cha Mjukuu Wangu

Admin, ficha jina langu, lakini maneno yangu usiyapake sukari. Mimi ni nyanya wa miaka sitini na tisa, hapa Kakamega mjini. Sijawahi kukalia dawati hata siku moja. Mimi naongea, mama wa chumba nambari nane ndiye anaandika, na ameapa kunyamaza.

Miaka ishirini na sita nimekuwa keateka, mtunzaji wa ploti ya vyumba kumi na sita vya kupangisha, mtaa wa Shieywe. Chumba ninacholala kinaendana na hiyo kazi. Humo ndimo nimemlea mjukuu wangu, tumwite Ayuma, tangu akiwa na wiki mbili, mama yake alipofariki. Sasa ana miaka ishirini na mbili na anasomea usimamizi wa nyumba za kupangisha. Kabla ya cheti, chuo kinataka miezi mitatu ya mafunzo kazini. Mwenye ploti, ambaye anakaa Nairobi, akasema ayafanyie kwake, na mimi niwe msimamizi wake. Wapangaji walicheka! "Siku hizi tunamwamkia profesa!"

Nikamfundisha. Gonga ukuta na ngumi. Ukilia kama debe tupu, plasta imeachana na tofali. Mvua ikianza usikimbilie nguo, kimbilia mtaro. Mpangaji akihama, fungua mifereji yote ya maji akiwa bado amesimama hapo. Kila jioni anaandika kwa kitabu cha chuo, na kila wiki mimi naweka kidole gumba chini, ndiyo sahihi yangu. Mwalimu wake alipokuja kukagua alisoma, akaniangalia. "Nyanya, mengine haya hata mimi sikuyajua. Siku hizi mtu anayejua kazi bila shule anaweza kupimwa kwa vitendo, apewe cheti chake. Uje." Nilifurahi mpaka nikamchinjia kuku.

Halafu mwenye ploti akapiga simu. "Mama, umefanya kazi nzuri. Lakini sasa nataka mtu mmoja, mwenye cheti. Ayuma akimaliza namwandika yeye. Chumba chako tutafanya ofisi, aweke kompyuta. Wewe nenda upumzike Malava."

"Malava kuna nini?"

"Si ndiko nyumbani?"

Nyumbani! Mzee wangu alipozikwa, shemeji zangu waliuza shamba. Kilichobaki ni kaburi katikati ya mahindi ya watu.

Najua mtasema nikaishi na Ayuma. Anaolewa Desemba. Mimi ndiye mama aliyemlea, kwa hivyo mume wake ni mkwe wangu, na kwetu mama mkwe halalangi kwa nyumba ya mkwe. Hiyo hatujadiliani. Nikienda kupimwa nipate cheti changu, pengine nitabaki na chumba, lakini kazi ni moja, nitakuwa nimemnyang'anya mtoto tonge mdomoni. Nikimwambia ukweli, namjua, ataikataa kazi siku hiyo hiyo.

Kidole kimebaki kimoja, cha wiki ya mwisho. Kitabu kinatakiwa chuoni Ijumaa. Jumatatu nilikitoa kwa mkoba wake, nikakiweka chini ya gunia la mahindi. Ndilo nimelikalia sasa hivi.

Mtoto amekitafuta mpaka kwa jaa la taka, bila glavu. Leo asubuhi amekuja, uchafu mpaka kwa viwiko, akakaa kando yangu, juu ya gunia hilo hilo. Nikamkemea, "Toka hapa uoge, unanuka!" maana ningesema lingine ningelia. Akaniegemea tu.

"Kukhu, usinikasirikie. Ni mimi mzembe. Hata wakisema nirudie yote, si nitakaa na wewe hapa miezi mitatu zaidi?"

Ameoga, amevaa ile sketi yake ya Jumapili, ameenda chuoni kuomba msamaha kwa kosa langu.

Nyinyi mliosoma, msinionee huruma, nipeni akili. Nikiweka hiki kidole, nitalala wapi? Nisipoweka, huyu mtoto nitamwangaliaje machoni? Wino uko hapa mbele yangu. Nishaurini kabla hajarudi.