Mzee Kyaruzi Aliyekataza Machozi

Pale Nshambya, kwa miaka kumi na minane, hakuna Mlutheri aliyehesabiwa kuwa amezikwa vizuri iwapo Mzee Kyaruzi hakusema neno. Alikuwa mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, mwenye koti jeusi na sauti ya kufika hadi migomba ya jirani. Kufariji wafiwa alikuwa hodari, na alijua kwamba ni hodari, jambo ambalo halikumsaidia.

Somo lake lilikuwa moja: Mkristo halii. Anayelia sana, alisema, anamshtaki Mungu. Siku walipomzika mume wa Joyness, aliyezama ziwani karibu na Kemondo, mjane alijitupa chini akagaagaa penye udongo mbichi. Kyaruzi alikatisha mahubiri, akamtazama juu ya miwani.

"Mama, unatuaibisha mbele ya wasioamini."

Joyness akainuka, akajipangusa udongo. Tangu siku hiyo hakukanyaga kanisani, na Kyaruzi akamhesabu kati ya waliorudi nyuma kiimani.

Mwaka juzi lori lilimgonga Isaac, mwana wa pekee wa Kyaruzi, akiwa kwenye pikipiki, akafa. Mchungaji alijitolea kuhubiri. Kyaruzi akakataa, angemzika mwanawe mwenyewe, awaonyeshe watu imani ni kitu gani. Akavaa koti, akasimama kaburini katikati ya kibanja chake cha migomba, akafungua Biblia, akafungua kinywa. Kilichotoka ni mlio, kama wa ng'ombe aliyekwama matopeni. Akaketi kwenye udongo na koti lake. Watu waliinamisha vichwa kwa huzuni. Wengine, tuseme ukweli, waliinamisha ili tabasamu zao zisionekane.

Kisha wakaanza kumiminika nyumbani kumfariji. Walikaa juu ya nyasi zilizotandazwa sebuleni, na kila mmoja akamrudishia mahubiri yake neno kwa neno, hata pale alipozoea kukohoa.

"Waitu, mzee wetu, usilie. Isaac yuko mahali pazuri kuliko hapa."

"Bwana alimhitaji zaidi yako, Mzee."

Kyaruzi akainuka, akamfuata mkewe Verdiana jikoni, alikokuwa akimenya ndizi.

"Nani amewafundisha watu hawa upuuzi huu?"

"Wewe," Verdiana akasema bila kuinua kichwa. Macho yake yalikuwa yamevimba. Yeye alikuwa akilia tangu siku ya kwanza bila kumwomba mtu ruhusa.

"Na wewe ulikuwa unanisikiliza miaka yote hiyo?"

"Nilikuwa nasikiliza. Sikuwa nafuata."

Kwa wiki kadhaa Kyaruzi hakuweza kusali. Verdiana akawa anasali kwa niaba yao wote wawili, kwa sauti, maneno machache: "Bwana, umetuumiza. Tusaidie tuamke kesho." Kyaruzi, mtu wa sala za dakika ishirini, alitafuta kasoro asiione, akaitikia amina.

Asubuhi moja alibeba mkungu wa ndizi akaenda kwa Joyness. Alimkuta uani anaanika kahawa.

"Shikamoo, Mzee," akasema Joyness. Hakumkaribisha kiti.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja... Maandiko yanatuambia kwamba..."

"Umekuja kuhubiri?"

"Hapana."

"Basi usianze."

Kyaruzi akabaki amesimama na mkungu wake begani, hajui autue wapi. Mwishowe akasema, "Siku ile nilikukosea. Aliyeleta aibu ni mimi."

Joyness aliendelea kutandaza kahawa mkekani. "Siku ile nilitaka mtu mmoja tu akae nami pale chini," akasema. "Wote mliogopa kuchafua nguo."

Hakusema amemsamehe. Alisema mkungu auweke kivulini, na kwamba kahawa ina mawe, kama ana nafasi amsaidie kuchambua. Kyaruzi akavua koti, akachuchumaa, akachambua hadi magoti yakamuuma.

Siku hizi misibani hahubiri. Hukaa kwenye nyasi kando ya mfiwa, kimya, na mfiwa akilia naye hulia. Wazee wenzake wanalalamika kwamba amekwisha. Wamepata msemaji mwingine kutoka mjini, anayekuja na kipaza sauti chake mwenyewe. Joyness bado haendi kanisani. Lakini ibada ya nyumba kwa nyumba ikifika zamu ya Verdiana, huja. Huchelewa makusudi ili akute mahubiri yamekwisha, akaimba nao wimbo mmoja, akaaga.