Niliomba Korogwe, Nikapelekwa Vienna

Sikuomba kwenda Ulaya. Niliomba kwenda Korogwe. Mkataba wangu wa kazi za ndani hapa Doha unasema nikimaliza miaka miwili napewa likizo na tiketi ya kwenda nyumbani, na miaka miwili ilikuwa imekwisha tangu Ramadhani. Binti yangu nilimwacha bado ananyonya. Sasa anakimbia, anabishana na bibi yake, na kwenye simu ananiita shangazi mpaka akumbushwe.

Madam, mwajiri wangu, akasema Julai Doha haikaliki, twende kwanza Vienna, tukirudi tutazungumza habari ya likizo. Pasipoti yangu ilikuwa kwenye mkoba wake pamoja na za watoto wake watatu. Sikuulizwa kitu. Niliambiwa nifungashe nguo za watoto.

Watu wakanipongeza. Dereva wa nyumba ya jirani hapa mtaani kwetu, Al Thumama, Mkenya mwenye maneno, alinikuta natupa taka akaniambia sasa nimekuwa mtalii, nikirudi nisijifanye simjui. Wenzangu wangelipia safari hiyo maisha yao yote, akasema. Nikamjibu basi aende yeye, akamfute mtoto matako ndani ya ndege. Alicheka mpaka akashika geti.

Huko Vienna madam akatupeleka kutazama jumba la wafalme wa zamani, la rangi ya njano, refu mpaka unachoka kulitazama kabla hujaingia. Mlangoni wakasema kigari cha mtoto hakiingii. Madam aliwashika wale wakubwa wawili, mimi nikabaki na mdogo, analia, amejaa usingizi na hasira. Nikatoa kanga kwenye mfuko wa nepi, nikainama, nikamtupia mgongoni, nikamfunga. Akanyamaza hapo hapo.

Ndani ya jumba lile hutembei unavyotaka. Kuna kamba, kuna mishale, kuna walinzi kila kona. Ukishaingia chumba cha kwanza hurudi nyuma; unafuata mstari wa watu chumba baada ya chumba, dhahabu juu ya dhahabu, mpaka wakutoe wenyewe kwenye duka la zawadi. Wenye likizo yao labda waliona raha. Mimi nilihisi nimefungiwa. Katikati ya njia mtoto akajaza nepi, na choo kiko mwisho kabisa. Basi nikapita mbele ya vitanda vya wafalme na mavi ya mtoto wa watu mgongoni.

Tulipewa vifaa vya kusikilizia maelezo kwa Kiingereza, na kidato changu cha nne kilinitosha. Kifaa changu kikanieleza habari za malkia aliyezaa watoto zaidi ya kumi. Picha yao ipo ukutani, wamevalishwa kama watu wazima. Nikamtafuta kwenye picha ile mtu aliyewabeba. Hayupo. Kisha nikaelezwa habari ya majiko meupe ya kuota moto, marefu kama kabati, hayana mlango wa kuni. Watumishi walikuwa wanapita kwenye njia nyembamba nyuma ya ukuta, wanachochea moto kutoka huko, wasionekane wala wasichafue zulia. Watu walio karibu yangu wakatikisa vichwa kwa kusifu. Mimi nilisimama pale nimekasirika kwa ajili ya watu waliokufa zamani, mpaka mlinzi akanionyesha mshale.

Madam aligeuka akaona wageni wananipiga picha na mtoto mgongoni. Nilidhani atagomba. Akatabasamu, akatoa simu yake akanipiga na yeye, akanitumia. Nami nikaituma nyumbani bila kufikiri. Nilitaka mama aone kwamba mimi ni mzima.

Jioni nikajifungia chooni hotelini, nikapiga simu. Mama alifurahi. Majirani walikuwa wamekuja kuitazama picha, wakasema nimenawiri, nakaa kwa mfalme. Kisha akampa simu binti yangu.

"Huyo mtoto wa nani?"

"Wa kazini, mama."

"Mbona umembeba?"

"Ndiyo kazi yenyewe."

"Na mimi ukija utanibeba, au nimeshakuwa mzito?"

Nikamwambia nakuja mwezi ujao, nitambeba mpaka sokoni na kurudi. Nilisema hivyo kwa sababu na mimi nilikuwa nimeambiwa tukirudi tutazungumza.

Tukarudi. Jiko letu liko uani, mbali na nyumba kubwa, harufu ya vitunguu isiwafikie wageni. Madam alipokuja kuagiza kahawa nikamkumbusha likizo yangu. Alishangaa kweli, hakuwa anaigiza.

"Likizo? Si ndiyo tumetoka?"

Akanieleza kwa upole, na upole wake ndio ulioniwasha zaidi: ndege nimepanda, hoteli nimelala, majumba nimeyaona, wafanyakazi wangapi wa ndani wamepata hayo.

"Madam," nikamwambia, "likizo ulikwenda wewe. Mimi nilikwenda kazini, kazi ile ile, kwenye nyumba kubwa zaidi."

Akanitazama kama vile sufuria imesema. Kisha akasema inshallah, baada ya Ramadhani nyingine. Aliyewahi kukaa katika nyumba za watu Doha anaijua inshallah ya namna ile.

Nikapiga simu nyumbani. Mama hakulalamika, alisema tu nimwambie mtoto mwenyewe, yeye hawezi. Nikamwambia. Hakulia. Akauliza kama ni yule mfalme aliyenikatalia. Nikasema hapana, mfalme alikufa zamani. Basi nani?

Tangu siku hiyo, kila asubuhi nikimpelekea madam chai namuuliza likizo yangu lini. Mwanzoni alikuwa anajibu. Siku hizi anatazama simu. Juzi ameniambia nimekuwa na mdomo tangu tutoke Ulaya, angejua asingenichukua. Nikaweka kikombe mezani, nikamuuliza tena.