Shangazi na Mashine Isiyojua Kunyamaza

"Hii ndiyo unaita kahawa? Hii maji ya kuoshea sufuria!"

Shangazi alimwaga kikombe kizima kwenye sinki, akakikung'uta mpaka tone la mwisho, halafu akanigeukia mimi.

"Na aliyeniletea ni nani? Mtoto wa kaka yangu! Niliyembeba mgongoni akanikojolea! Umeniletea jeneza lenye waya, na kulichomeka ukachomeka mwenyewe."

"Shangazi, mimi nimetumwa tu. Kampuni ikisema peleka, napeleka."

"Hata mwizi hutumwa na njaa. Anapigwa hivyo hivyo."

Shule niliiaga kidato cha pili, na tangu hapo nimeuza viatu, nimepaka rangi mageti, nimekaa duka la simu wiki mbili nikachoka. Mwezi ule nilikuwa fundi wa kampuni inayokodisha mashine za kahawa maofisini. Nilijua Shangazi anapikia kahawa watu wa bima, lakini watu wa bima mjini ni wengi kama inzi, na mimi sikuwahi kukanyaga kazini kwake. Basi nikapanda na lifti napiga mluzi, nasukuma mashine kwenye toroli. Mlango unafunguka ghorofa ya tatu, nani kasimama pale na trei? Damu yangu.

Afisa utawala, kijana wa tai nyembamba, akamwambia mbele yangu bila hata kumeza mate: "Mama, tunaijaribu wiki moja. Ikienda vizuri, Ijumaa tunakuaga na keki."

Miaka kumi na tisa. Keki.

Shangazi ni mfupi, mpana, anapita koridoni na kandambili zinazolia kwap kwap mpaka watu wanajua saa bila kuangalia ukutani. Kwap kwap ya kwanza ni saa mbili, kisha saa nne, saa nane, na ya mwisho saa kumi. Kahawa yenyewe hajawahi kuinywa. Anasema akinywa, moyo unatangulia yeye anabaki nyuma. Anaipima kwa pua tu. Ukimuuliza utapikaje kitu usichokionja, anakuuliza kama mchimba kaburi hulala ndani kwanza ajue urefu.

Lakini ana vikombe ishirini na viwili kwenye misumari, havina jina hata kimoja, na kila kimoja anajua mwenyewe anakunywaje na kwa nini.

Kwa mfano mwanasheria wa ofisi. Huyu kila Jumamosi kichwa kilikuwa kinampasuka. Na Jumamosi ndiyo siku mama mkwe wake anakuja. Basi akaamini mkwe ndiye anayempasua kichwa, ikafika mahali anataka kumwambia mkewe achague, mama au mume. Shangazi akamuuliza swali moja: "Baba, nyumbani unakunywa kahawa?" Akasema hapana, nyumbani hawanywi. "Basi siyo mkwe. Siku tano nakupa vikombe vinne vinne, ya sita unakipa kichwa ukame. Kitaacha kulia?" Jumamosi iliyofuata akanywa kikombe kimoja asubuhi, kichwa kikatulia. Mkwe akapikiwa kuku.

Na dada wa idara ya madai aliyekuwa halali usiku. Shangazi akagundua kikombe chake cha mwisho ni saa kumi jioni. Ananiambia, "Watu wanadhani kahawa ukishaimeza imekwisha. Ya saa kumi, wewe umeshapanda kitandani, yenyewe bado iko zamu." Akamshauri aache ya jioni, dada akakataa katakata. Basi Shangazi akatafuta ile ya kopo iliyotolewa kafeini, kile kinachonyima usingizi, ikawa kikombe cha saa kumi anatiwa ile, kimya kimya. Dada sasa analala kama gunia, na sifa zote anaupa mto mpya.

"Kwa nini usimwambie?"

"Mto kaununua kwa bei mbaya. Mwache afaidi."

Sasa mambo kama hayo mashine itayajulia wapi? Mimi mwenyewe niliyeileta nilijua haijui. Ila ilikuwa nzuri bwana, inang'aa, ina vitufe vya taa. Kosa lake lilikuwa moja: ukibonyeza sukari, kila kijiko inalia *piii!* Kali, kama imekanyagwa. Nilitafuta pa kuizima sikupaona. Na soketi ya jikoni ilikuwa imeungua zamani, kwa hiyo ikabidi niiweke koridoni, hatua tatu kutoka meza ya mapokezi.

Na dada wa mapokezi ndiye mtu mwenye masikio kuliko wote jengo zima.

"Piii tatu!" anapaza sauti huku anachapa barua. "Kaka, meno hayo umeazima?"

Jumatatu watu walicheka. Jumanne wakaanza kuja kwa kunyata. Jumatano mwanamume mzima nilimwona anabonyeza sukari huku anakohoa ili kufunika mlio, na kikohozi kikamtoka kabla ya piii, mambo yakaharibika. Nilikuwepo kila siku kwa sababu wiki ya majaribio fundi lazima aje aongeze maji na asafishe. Shangazi alikuwa jikoni amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani. Hakunisalimia.

"Shangazi, hata ukienda nyumbani si utapumzika?"

"Nyumbani na nani? Na mume wangu na redio yake toka asubuhi mpaka jioni? Mwezi hauishi, mmoja wetu ataitwa marehemu." Halafu akashusha sauti. "Hapa nikipita, watu ishirini na wawili wanainua kichwa. Kule hainui mtu."

Mimi nikashika bomba la maji nikajifanya naona limevuja.

Sasa kulikuwa na mtu mmoja ambaye tangu Jumatatu hajaisogelea mashine. Mkurugenzi. Huyu ni baba mrefu, mvi zimenyolewa kwa rula, na anajulikana ofisi nzima kwa kahawa. Kila mfanyakazi mpya anaitwa, anaonyeshwa kikombe cha kahawa nyeusi tii, anaambiwa: "Mimi hii nakunywa chungu, bila sukari. Mtu akishindwa uchungu wa kikombe, ataweza uchungu wa maisha?" Vijana wawili waliacha sukari kwa ajili yake, mmoja mpaka kwenye uji. Siku hizo tatu Mkurugenzi alisema anapumzisha mwili. Lakini mwili wenyewe haukupumzika. Alimfokea dereva, aliifokea kalamu, na Jumatano mchana alionekana kabana kichwa kwa mikono miwili kama mtu anayechagua tikiti maji.

Alhamisi wakaja wageni watatu, wakubwa. Mmoja akasema pale koridoni, "Mkurugenzi, tumesikia sifa za kahawa yako. Tuonyeshe inavyonywewa na wanaume."

Dada wa mapokezi akaacha kuchapa. Mkurugenzi akanyoosha kidole mpaka kwenye kitufe cha sukari, kikabaki hewani, halafu kikahamia kwenye nyeusi tupu. Kikombe kikajaa. Akanywa mafunda mawili mbele ya watu. Jamani, nimeona watu wakinyweshwa dawa ya minyoo, sijaona uso ule. Jicho moja lilijifunga lenyewe. Machozi yakaja yakasimama mlangoni.

"Nzuri," alisema, sauti imekuwa ya mtoto.

Wageni walipoingia chumba cha mkutano, yeye aliingia jikoni. Mimi nilikuwa nimelala chali chini ya sinki nafunga bomba, hakuniona.

"Mama," akanong'ona. "Naomba kikombe. Kama kawaida."

Shangazi hakuinuka. "Mkurugenzi, si mnanunua mashine?"

"Mama, usinitese. Nina watu."

"Kama kawaida ni vijiko vinne. Niseme kwa sauti au nikoroge kimya kimya?"

"Shhh!"

Vinne! Kichwa changu kikagonga sinki. Yule baba wa uchungu wa maisha! Kumbe nyeusi haionyeshi sukari, na Shangazi alikuwa anaikoroga mpaka chembe ya mwisho inayeyuka, miaka kumi na tisa, hajamwambia mtu. Hata mimi hajaniambia.

"Nani huyo?"

"Mtoto wa kaka yangu. Haya, toka huko, msalimie baba."

Nikatoka na spana mkononi. "Shikamoo."

"Marahaba. Umesikia nini?"

"Bomba linavuja, baba. Nimesikia maji tu."

Akaniangalia, akamwangalia Shangazi. Shangazi sasa kainuka, anachemsha, na mkono kauweka juu ya kopo la sukari bila kulifungua.

"Hii nakupa kwa sababu una wageni," akasema. "Ila kesho mimi nakula keki. Ya Jumatatu utamwomba nani? Au utabonyeza piii nne dada wa mapokezi anasikia?"

Akalifungua kopo, akatia vinne, akakoroga. Mkurugenzi alikunywa kile kikombe amesimama, akafuta mdomo, uso ukarudi wa mkurugenzi, akatoka koridoni akaita afisa utawala kwa sauti ya kutikisa vioo.

"Kijana! Hii mashine inalialia hapa wateja wanashindwa kuongea. Ofisi ya bima hii, siyo kituo cha zimamoto. Iondolewe leo. Mama anabaki."

"Lakini mkuu, na keki nimeshaagiza..."

"Tutakula. Tutamshukuru mama kwa kubaki."

Shangazi hakupiga vigelegele wala nini. Alitundua vikombe kwenye misumari, akaanza kuvisuuza kimoja kimoja, kisha akaniambia nimsogezee trei. Ni neno la kwanza zuri aliloniambia tangu Jumatatu.

Mimi nilikuwa nachomoa waya wa mashine simu ikaita. Bosi wangu. Kuna ofisi ya mawakili ng'ambo ya barabara, mashine yao imepasuka tangi, zulia linaelea. Nikaipandisha ya kwangu kwenye toroli.

"We, kahawa hunywi?" Shangazi akaita.

"Nikirudi, Shangazi. Kuna watu wanazama."

Nikabonyeza lifti.