Kitambaa cha Karata cha Ghorofa ya Juu

Kitambaa chenyewe nilikishona kwa wiki mbili, na karibu kila siku nilijiambia niache. Mimi ni fundi wa nguo hapa Tassia, shule nilikomea darasa la saba, na sijui ni nani aliyenituma kubadilisha sheria za mchezo ambao mtaa mzima unaujua. Lakini naandika yaliyotokea, na nitajaribu kumtendea kila mtu haki, hata karani tuliyekuwa tunacheza naye.

Kila Jumapili mchana, baada ya kanisa, sisi wanne wa ploti yetu, jumba la vyumba vya kupanga, tulikuwa tunapanda juu kabisa, kwenye paa lenye kamba za kuanikia nguo, tukacheze karata. Mimi, mama anayeuza mboga langoni, karani mmoja wa ghorofa ya tatu, na mzee mchongaji vinyago kutoka Ukambani, ambaye mlango wake unatazamana na wangu. Meza yetu ilikuwa ubao juu ya makopo mawili makubwa ya rangi. Upepo wa huko juu hauna adabu. Karata zilikuwa zinapaa kuelekea mtaa wa Kware, na mchezo unaishia kwenye ubishi: hiyo ilitupwa ama ilianguka?

Upepo tungeuvumilia. Shida ilikuwa maneno mawili. Katika mchezo wetu unatupa karata inayolingana aina au namba na iliyotangulia, wa kwanza kumaliza ndiye mshindi, na ukibakiwa na karata moja mkononi ni lazima useme "niko kadi" kabla anayekufuata hajacheza. Usiposema, unaokota mbili. Sasa mzee ana kigugumizi. Akikusimulia habari za kwao unamsubiri, na wala huoni kama umengoja. Kwenye karata hakuna wa kumsubiri mtu. Alikuwa anafika "ni-ni-ni", na karani, ambaye zamu yake ilifuata ya mzee, ameshatupa yake.

"Okota, mzee. Sheria ni sheria."

Mzee anaokota. Karani hakuwa anadanganya, sheria ilisema hivyo hasa. Na mimi siku moja nilicheka. Sipendi kuliandika hilo lakini nilicheka.

Mwaka mzima mzee hakuwahi kushinda hata mara moja. Kisha Jumapili moja akasema hatapanda tena, eti magoti na ngazi havisikizani. Mtu huyo huyo hubeba magogo begani mpaka ghorofa ya nne bila kupumzika. Nilijua si magoti. Nilijua pia kwamba akiacha karata, Jumapili zake zitakuwa yeye na vinyago vyake na mlango umefungwa, maana watu wake wote wako mbali.

Ndipo nikaanza kushona. Nilikuwa na kipande cha pazia, kizito, cha kijani, ambacho mteja aliniambia nibaki nacho. Chini yake nikashikiza ile raba nyembamba yenye matundu ambayo watu huweka chini ya zulia lisiteleze. Kwenye pembe nne nikatia vifuko vya kokoto kwa ajili ya upepo. Katikati nikadarizi miraba miwili, mmoja wa rundo la kuokota, mwingine wa kutupia, ili karata iliyo nje ya mraba ihesabiwe haijatupwa. Mbele ya kila mchezaji nikapitisha mstari wa uzi mweupe, na nyuma ya mstari nikaweka kifungo kikubwa cha koti. Ukibaki na karata moja unasukuma kifungo kivuke mstari. Basi. Husemi kitu.

Nilikifumua mara mbili. Mara ya kwanza mistari ilikuwa imepinda. Mara ya pili ilikuwa imenyooka, ila niliogopa nitamwaibisha mzee wa watu. Nikakishona tena, nikampelekea yeye kwanza kabla ya wengine kukiona.

"Ni kwa sababu ya spika za kanisa la hapo chini," nikamwambia. "Hatusikilizani kule juu."

Spika zina kelele kweli, lakini hiyo haikuwa sababu. Alikipapasa kitambaa kama anavyopapasa ubao kabla ya kuuchonga. Akasukuma kifungo mbele, akakirudisha.

"Mama Cherehani," akasema, ndivyo wanavyoniita, "u-umeshona kwa ajili ya mdomo wangu."

Nilitazama chini. Nikakubali.

"Basi wa-watumie wote. Kama ni mimi peke yangu, ki-kikate ushone mito ya viti."

Jumapili iliyofuata akapanda ngazi, mbele yangu. Karani alipokiona kitambaa alikizunguka kwanza.

"Hii ni karata ama ni meza ya Bwana?"

"Ni kitambaa," mama mboga akamjibu. "Toa kikombe chako hapo."

"Tangu nizaliwe, niko kadi inasemwa na mdomo. Leo tunasukumana vifungo kama watoto wa nasari?"

"Kwani kifungo kitakuuma?"

Nilisema tujaribu siku moja tu, na wawili wakikataa kati ya wanne, nitakikunja na sitakileta tena. Karani akafikiri. Akaleta sharti, na sharti lenyewe lilikuwa la haki, siwezi kusema vinginevyo: isiwe huyu anatumia mdomo na yule anatumia kidole. Kidole peke yake, kwa kila mtu. Ukisema bila kusukuma, hujasema. Tukakubali wote.

Michezo miwili ya kwanza ilichukuliwa na mama mboga. Karata hazikuruka, hakuna aliyegombana, na nilianza kujisikia vizuri, jambo ambalo huwa linaniponza. Katika mchezo wa tatu nilibakiwa na karata mbili. Nikatupa moja, nikapiga kofi kwenye kitambaa nilichokishona mwenyewe, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka langoni: "Niko kadi."

Mama mboga, anayenifuata, akacheza. Zamu ikafika kwa mzee, lakini hakucheza. Alinyoosha mkono, akaweka kidole juu ya kifungo changu. Kilikuwa bado nyuma ya mstari.

Karani ndiye aliyenitetea, na hilo liandikwe. "Lakini amesema, jamani. Masikio yangu yote mawili yamesikia."

Mzee akatikisa kichwa. "Ki-kitambaa hakijasikia."

Mama mboga alicheka mpaka akashika kamba ya nguo. Mimi nikaokota mbili. Mzee akatupa kopa, ile ya moyo mwekundu, akabaki na karata moja, na kwa dole gumba akasukuma kifungo chake polepole mpaka kikavuka uzi. Karani akatupa saba ya kopa. Zamu ikawa yangu.

Hapa nataka nieleweke. Karata niliyokuwa nimebaki nayo kabla ya kuokota ilikuwa tisa ya kopa. Kama ningesukuma kifungo changu, ningemaliza pale pale. Wala sikumwachia mzee ashinde. Nimejiuliza mara nyingi na jibu ni hapana. Nilidhani anashikilia kopa, na katika zile nilizookota kulikuwa na saba ya shupaza, lile jembe jeusi. Nikaitupa makusudi, saba juu ya saba, nibadilishe aina, nimfungie mlango. Mama mboga akafuata na shupaza yake.

Mzee akaiweka chini karata yake ya mwisho, katikati kabisa ya mraba. Tano ya shupaza.

Karani akakagua kifungo, akakagua mstari, akakagua karata. Hakupata kosa. Akasimama, akampa mzee mkono, kama mtu anayesalimia mchungaji.

Mzee naye akasimama. Akaenda mpaka kwenye ukuta wa ukingoni. Kwenye paa la ploti ya pili mama mmoja alikuwa anaanua mashuka, na mzee akamwita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwake.

"Ni-ni-ni-nime..."

Ilichukua muda. Yule mama alishikilia shuka lake akimtazama. Karani tayari alikuwa na karata mikononi, anataka kuzichanganya, akaacha, akangoja kama sisi wengine.

"...nimeshinda."

"Umeshinda nini?"

"Ka-karata."

"Haya, hongera, mzee," akasema mama wa ng'ambo, akaendelea kukunja. Mzee akarudi kwenye meza, akakaa, akamnyang'anya karani karata, akaanza kuzigawa yeye.