Jina la Mti wa Maua Mekundu

Mtaalamu wa mimea alitoka Dar es Salaam na mbao zake za kukandamizia majani, magazeti ya zamani na mikanda ya turubai. Kilikuwa kinaandaliwa kitabu kikubwa cha mimea yote ya nchi, jamii moja baada ya nyingine, na wilaya ya Kibondo ilikuwa karibu haina kitu ndani ya kitabu hicho. Mimi nilichukuliwa kutoka Kasulu kwa kuwa najua Kiha na mwandiko wangu unasomeka. Elimu yangu ni darasa la saba. Kila karatasi ilikuwa na mstari wa "jina la kienyeji", na huo ndio uliokuwa wangu.

Katika kijiji cha Kumsenga tulipewa mama mmoja mjane, mjuzi wa dawa. Mumewe alifariki mwaka ule tuliohamishiwa vijijini, na mama alibaki akilima shamba lililoandikwa kwa jina la marehemu, kwa hisani ya shemeji yake, balozi wa nyumba kumi. Siku nne alituonyesha miti, na sikumbuki akikosea. Siku ya tano, mbele ya nyumba ya shemeji, akashika tawi la mti wa maua mekundu, wa jamii ya mikunde, akasema kwa Kiha unaitwa chakula cha mbuzi.

Vijiji vitatu vilikuwa vimeshatupa jina jingine, lile lile moja. Mtaalamu akaweka kalamu chini. Akasema kama mama anabuni hili, basi na ya siku nne zote ni ya kutupa. Mama akarudia, chakula cha mbuzi. Watu walikuwa wamekusanyika. Mmoja akasema leo mganga kazinywa dawa zake mwenyewe, wakacheka. Nami nikamwambia, kwa sauti ambayo leo siipendi, aache kututia aibu mbele ya mgeni.

Akafunika mdomo kwa khanga. Ndipo nilipoelewa, na Muha mwingine angeelewa mapema kuliko mimi. Kwetu mwanamke hatamki jina la baba mkwe, wala neno linalofanana nalo. Anatafuta neno la pembeni. Baba mkwe wake alikuwa amepewa jina la mti ule.

Nilimweleza mtaalamu. Labda sikueleza vizuri.

"Huyo mkwe yuko hai?"

"Alishakufa, ndugu."

"Basi hatasikia. Aseme."

Nisimwonee. Alikula ugali wetu, alibeba mzigo wake mwenyewe, na huko nyuma mtu aliwahi kumtungia majina ya uongo tele. Lakini nisijipendelee pia: jina tulikuwa nalo tayari. Ningeliandika tu, nikanyamaza. Nilikuwa nimeahidiwa kazi ya kudumu, nikaogopa kuonekana mkalimani dhaifu.

"Mama," nikasema, "litamke mara moja tu, tuondoke."

Akalitamka. Wala hakunong'ona. Silitaji hapa, ingawa kwangu si mwiko.

Shemeji alikuwa amekaa pale pale anachonga mpini wa jembe. Hakupandisha sauti. "Mmemsikia wote. Aliyemtamka baba yangu hadharani hawezi kulima kwa jina la mwanawe."

Kisha akanigeukia mimi, kwa upole kabisa, akasema jambo hilo lina dawa: waliomlazimisha mama wakae na ukoo, wanywe pombe ya ndizi, waombe radhi, yaishe.

"Pombe ninayo," akasema. "Ninyi mkae tu."

Nilitafsiri. Mtaalamu akatazama saa. Tulitakiwa kufika Kasulu kabla mvua haijaharibu barabara, na majani yakilowa kazi yote inaoza. Hilo ni kweli, nimeliona kwa macho. Akasema niwaambie tutakunywa siku nyingine. Nikawaambia. Mama akaniuliza siku gani. Nikaendelea kukaza mikanda.

Tulirudi baada ya masika. Shambani kwa mama palikuwa na maharage ya shemeji, yamestawi. Nilimkuta akipalilia, nikamwuliza mama yuko wapi. Akasema alirudi kwao, ila kwao hakuna aliyebaki, kwa hiyo hajui hasa yuko wapi. Hakunijibu kwa chuki. Sikuona chuki yoyote.

"Tuliwasubiri siku tatu," akasema. "Pombe ikachacha."