Magunia ya Pumba Juu ya Dari

Saa tisa alasiri, Anyisile Mwasambili hatulii. Anapanga viti, anavipangua, anatoka barazani kutazama milima, anarudi. Upande wa Bujonde mbingu imeshakuwa nyeusi.

"Inakuja," anasema. "Na ya kwetu haibishi hodi."

Ana miaka hamsini na miwili. Kwa miaka kumi na tisa ameitunza nyumba hii kongwe ya mjini Kyela, kwa mshahara ambao sasa umefika shilingi laki moja na nusu kwa mwezi. Ilijengwa na mnunuzi wa mpunga, Mhindi aliyependa kuketi sebuleni na wenzake jioni wakipiga sitari, ala ya nyuzi ya Kihindi. Baadaye ikanunuliwa na babu wa Haruni, mwenye duka la vitambaa anayeimiliki sasa.

Leo sitari imerudi. Wanamuziki watatu kutoka Dar es Salaam, wakiwa njiani kwenda Malawi, wamekubali kupiga muziki wa kale wa Kihindi sebule ileile. Haruni ametoa sharti: muziki ukisikika vizuri, nyumba inabaki na maonyesho yataendelea. Usiposikika, mwezi ujao inabomolewa, zijengwe fremu za maduka.

Tatizo ni bati. Mvua ya Aprili ikilishukia, mke na mume hawawezi hata kugombana wakasikizana.

Ndiyo maana kwa siku mbili Anyisile amepanda ngazi na magunia ishirini na sita ya pumba za mpunga, akayapanga juu ya dari.

"Kule kijijini kwetu Njisi, mama alifanya hivyo mtoto akiugua, ili apate usingizi," anasema. "Watu wamenicheka. Acha wacheke."

Saa kumi muziki unaanza. Haujafika mbali, mvua inamwagika. Anyisile amesimama mlangoni, ameuma pindo la khanga. Haruni anatazama juu.

Mvua inanguruma, lakini kama inanyesha kijiji cha jirani. Sitari inasikika. Ngoma za tabla zinasikika.

Hapo ndipo Anyisile anagundua kosa lake. Pumba alizibeba moja kwa moja kutoka mashineni bila kuzipepeta. Vumbi linapenya kwenye nyufa za mbao na kuwashukia wanamuziki. Mpiga tabla anapiga chafya.

"Nilitamani ardhi inimeze," anasimulia baadaye.

Mpiga sitari anapuliza nyuzi zake, anatabasamu, anaendelea. Mwishoni watu wanapiga makofi na chafya kwa pamoja.

"Asante sana, mama," mpiga sitari anamwambia, akimshika mkono.

"Ndaga fijo," Anyisile anamshukuru kwa Kinyakyusa. Macho yake yako kwa Haruni, anayejikung'uta vumbi mabegani.

Hatimaye Haruni anamwita kwa jina la mwanawe. "Mama Gwamaka, chumba cha wageni nacho kitataka magunia mangapi?"

Anyisile anavuta kiti, anakaa. Ni mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Kumi na manane, bosi. Ila safari hii pumba nitazipepeta kwanza."